Chombo Hiki Kinakula Mayai Mangapi?

Mteja akipiga simu kuomba keki ya inchi 10 badala ya ile ya inchi 8 mliyokubaliana, huomba kama mtu anayetaka nyongeza ndogo tu. Inchi 2, si kitu. Waokaji wengi wa nyumbani humkubalia papo hapo, wakaongeza yai moja na unga wa kujaza kiganja, halafu keki inatoka bapa kama chapati na krimu inabidi ifanye kazi ya kuipandisha. Mteja hana kosa. Kosa ni la ile namba iliyoandikwa kwenye chombo, ambayo inaeleza upana na kunyamazia kila kitu kingine.

Keki inaenea pande zote kwa pamoja, kwa hiyo kinachoongezeka ni eneo. Chukua kipenyo ukizidishe chenyewe kwa chenyewe. Chombo cha inchi 8 kinakupa 64, cha inchi 10 kinakupa 100. Gawanya 100 kwa 64, unapata 1.56. Maana yake, ukiwa na kina kilekile, cha inchi 10 kinataka mchanganyiko wa cha inchi 8 na zaidi ya nusu yake juu. Kutoka 8 kwenda 12 ni mara mbili na robo. Kutoka 6 kwenda 12, ambako jicho linakuambia ni maradufu, ni mara 4 kamili. Hesabu hii haijali kama unapima kwa inchi au sentimita, mradi usichanganye. Kwa kazi hiyo ya simu, jibu ni kwamba bei inapanda kwa zaidi ya nusu, na ni bora useme hivyo kabla hujavunja yai la kwanza.

Eneo peke yake halitoshi, kwa sababu vyombo havina kina kimoja. Vipo vya sentimita 5 na vipo vya 7.5, na vyote muuzaji atakuambia ni inchi 8. Ili ujue ukweli wa chombo, tafuta ujazo wake. Kwa chombo cha mviringo, zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa 0.785, kisha kwa kina, vyote kwa sentimita. Jibu linakuja kwa mililita. Chombo cha sentimita 20, ambacho ndicho kile cha inchi 8, kikiwa na kina cha 5 kinabeba mililita 1,570. Cha 15 kinabeba 883, cha 25 kinabeba 2,453, cha 30 kinabeba 3,532. Kile cha 20 kikiwa na kina cha 7.5, kinaruka hadi 2,355, yaani karibu sawa na cha 25 kilicho kifupi. Cha mraba ni rahisi zaidi: urefu mara upana mara kina. Na hapa kuna jambo la kukumbuka dukani: mraba wa sentimita 20 wenye kina cha 5 unabeba mililita 2,000, karibu kabisa na mviringo wa 23. Resipe iliyoandikwa kwa mviringo wa 23 inaingia kwenye mraba wa 20 bila kubadilisha hata kijiko.

Mimi lakini nashauri maji kuliko hesabu. Weka chombo juu ya mzani, urudishe mzani kwenye sifuri, jaza maji mpaka ukingoni. Gramu unazosoma ndizo mililita za chombo hicho. Huna mzani? Chukua chupa ya maji ya nusu lita na uhesabu chupa unazomimina, ya mwisho ukiikadiria kwa robo. Njia hii ndiyo inayofaa kwa vyombo vyenye umbo la moyo, vya namba za siku ya kuzaliwa, vile vyenye shimo katikati, na vyote vilivyotengenezwa na mafundi wa bati. Vyombo vya mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi, au wa Gerezani jijini Dar es Salaam, ni imara na bei yake inalipika, ila fundi anakata bati kwa mkono. Unaweza kununua viwili vya saizi moja siku moja, na kimoja kikamzidi mwenzake kwa glasi nzima ya maji. Ukitaka kuoka tabaka mbili zilizo sawa, bora ulijue hilo mapema. Chombo ambacho kitako chake kinatoka kitavuja, kwa hiyo tandaza mfuko wa plastiki ndani yake kwanza, au kijaze mchele mkavu kisha uupime mchele huo kwenye jagi. Andika jibu kwenye daftari. Kazi hii hufanywa mara moja tu kwa kila chombo.

Sasa mchanganyiko wenyewe. Ushauri unaorudiwa kila jiko ni kujaza chombo hadi theluthi mbili. Si ushauri mbaya, ila unakuja umechelewa: unautumia mchanganyiko ukiwa tayari umeshakorogwa, na ukiona umebaki au umepungua, huna la kufanya. Tena hausemi ni keki gani. Keki ya siagi, ambayo siagi na sukari hupigwa pamoja kabla ya mayai, ina mchanganyiko mzito. Mililita 100 zake zina uzito wa gramu 85 hivi. Sponji ya mayai yaliyopigwa hadi yakafura imejaa hewa, na mililita 100 hizohizo hazifiki hata gramu 50. Keki ya matunda ni nzito kupita zote na haipandi sana, hivyo inaruhusiwa kukaribia ukingo. Mtu anayejaza zote tatu kwa jicho moja atapata keki tatu za vimo vitatu.

Kwa keki ya siagi, kanuni ninayoitegemea ni hii: chukua ujazo wa chombo kwa mililita, zidisha kwa 0.55, na jibu lisome kama gramu za mchanganyiko. Mviringo wa 20 wenye kina cha 5 unataka gramu 864, tuseme 850 hadi 900. Wa 15 unataka karibu 490, wa 25 unataka 1,350, wa 30 unataka kilo 1 na gramu 940. Kwa sponji ya mayai tumia 0.3 badala ya 0.55. Kwa keki ya matunda tumia 0.8, na usiogope ukiiona imejaa.

Gramu za mchanganyiko hazisaidii sana kama resipe yako imeandikwa kwa vikombe na vijiko, basi tuzigeuze ziwe mayai, maana yai ndilo kitu kisichokatika kirahisi na ndilo linalosumbua watu wakipanua resipe. Keki ya siagi ya kawaida, ile ya vipimo sawa, ina unga gramu 250, sukari 250, siagi 250 na mayai 5. Yai la kuku wa kisasa, likitolewa ganda, lina uzito wa gramu 50 hivi, kwa hiyo mayai 5 nayo ni 250. Jumla ni kilo 1. Gawanya kwa 5: kila yai linakuja na gramu 50 za unga, 50 za sukari, 50 za siagi, na linakupa gramu 200 za mchanganyiko. Hilo ndilo fungu lako. Ukishalijua, huhitaji tena resipe tofauti kwa kila chombo.

Angalia jinsi linavyofanya kazi. Mviringo wa 20 ulitaka gramu 864. Gawanya kwa 200, unapata 4.3. Tumia mayai 4. Wa 25 ulitaka 1,350, yaani 6.7, tumia 7. Wa 30 unakula 10 bila ubishi. Wa 15 unataka mawili na nusu, na nusu ya yai inapatikana hivi: livunje kwenye kikombe, lipige kwa uma mpaka ute na kiini vishikane, kisha pima gramu 25. Inayobaki itaingia kwenye chai ya asubuhi ya mtu, ndani ya mkate wa mayai. Sasa unaona pia kwa nini ile resipe ya robo kilo ya unga humwagika kwenye chombo cha inchi 8 kilicho kifupi: ina mayai 5, na chombo kinataka 4. Resipe haikuwa mbaya. Iliandikwa kwa chombo cha 23, au kwa mraba wa 20, au kwa mviringo wa 20 wenye kina cha 6 au zaidi.

Ukitumia mayai ya kienyeji, usihesabu mayai kamwe. Ni madogo, mengine yakitolewa ganda hayafiki gramu 40. Mayai 7 ya kienyeji yanaweza kukupa uzito wa 5 na nusu ya kisasa, na keki ya 25 itatoka kavu na fupi. Yavunje yote kwenye bakuli, yapime, na ukome mzani unapofika unapotaka.

Fungu la yai ndilo linaloonyesha faida kwenye keki za ghorofa. Tuseme unaoka ya harusi yenye ghorofa 3, za sentimita 15, 20 na 25, kila moja ikiwa na tabaka 2 zilizookwa kwenye vyombo vya kina cha 5. Mchanganyiko wa tabaka moja moja ni 490, 864 na 1,350, jumla gramu 2,700 na kidogo. Mara mbili ni kilo 5 na gramu 400. Gawanya kwa 200: mayai 27. Trei moja ya mayai 30 inakutosha, na yanabaki 3 kwa ajili ya yatakayokuwa yameharibika. Unga ni kilo 1 na gramu 350, sukari hivyohivyo, siagi hivyohivyo. Unakwenda sokoni na orodha iliyokamilika, na hakuna mtu wa kutumwa dukani saa tano usiku.

Mashine ya kupigia keki ya nyumbani haitameza kilo 5. Gawa kazi katika mikupuo, na ufuate vyombo na nafasi ya oveni, si ukubwa wa bakuli: changanya kinachoweza kuingia motoni wakati huohuo. Mchanganyiko wenye bekingi pauda ukikaa muda mrefu mezani huanza kupoteza nguvu, hasa kwenye joto la Pwani. Wa siagi unavumilia kidogo. Wa sponji hauvumilii kabisa, kwani hewa ndiyo pekee inayoubeba na inatoka unapoutazama. Na pale umeme unapokatika ovyo, mkupuo mdogo unaokwenda moja kwa moja kwenye oveni ni salama kuliko beseni lililojaa likingoja.

Kugawa tabaka kwa mwiko na jicho ni kujitafutia kazi ya kukata na kusawazisha baadaye. Pima bakuli tupu kabla hujaanza, uandike uzito wake. Mwisho pima bakuli lenye mchanganyiko, toa uzito wa bakuli, gawanya kwa idadi ya vyombo, kisha mimina kila kimoja kikiwa juu ya mzani. Kidogo kitabaki kimeshika kwenye kuta za bakuli na kwenye mapanga ya mashine, hata ukikomba kwa bidii. Ndiyo maana nikikuta hesabu imeangukia katikati, kwa mfano 4.3 au 6.7, siumizi kichwa kutafuta sehemu ya yai.

Kuna msomaji wa Nairobi ambaye mpaka hapa anatikisa kichwa, kwa sababu keki yake hufura, hufurika, kisha huzama katikati kwa resipe ileile inayomkubali dada yake wa Mombasa. Hajakosea kupima. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa inakandamiza kidogo. Gesi ya bekingi pauda inatanuka kwa urahisi zaidi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na keki inapanda kabla mayai na unga havijashikamana vya kutosha kuibeba. Arusha, Mbeya na Kigali wanaujua mchezo huu. Huko juu badilisha 0.55 iwe 0.5, na upunguze bekingi pauda kwa kama sehemu moja ya tano. Kijiko kidogo kimoja kwa kila gramu 125 za unga ndicho kipimo cha usawa wa bahari. Anzia hapo ukishuka.

Bekingi pauda ina tabia nyingine inayohusu vyombo vikubwa hata ukiwa ufukweni. Ukizidisha kila kitu kwa mara mbili na robo ili ujaze chombo cha 30, bekingi pauda usiipe ongezeko lote hilo. Katikati ya keki pana pako mbali na kuta, hapana pa kushikia, na joto linachelewa kufika. Rose Levy Beranbaum wa Marekani, katika kitabu chake The Cake Bible cha mwaka 1988, aliweka wazi kwamba kadiri chombo kinavyopanuka ndivyo bekingi pauda inavyopungua kwa uwiano. Kwenye chombo cha 30, ukipunguza kijiko kidogo kimoja au kimoja na nusu kwenye jumla uliyopata, keki itapanda polepole na kusimama.

Moto nao ufuate upana. Vyombo vya 15 na 20 vinaoka vizuri kwenye nyuzi 180. Kuanzia 25 shuka hadi 160 au 165, la sivyo ukingo utakauka huku katikati pakiwa uji. Cha 20 kinachukua dakika 35 hadi 40, cha 25 hukaribia saa nzima, cha 30 huvuka hapo. Kijiti ndicho kitakachoamua. Watu huzungushia chombo kikubwa kitambaa kibichi kilichokunjwa na kufungwa kwa pini, ili ukingo upoe na keki ipande sawasawa. Inasaidia kweli. Chombo kilichojazwa kidogo mno nacho kina adhabu yake, ingawa watu hawaisemi: kuta ndefu huikinga keki na joto la juu, inakaa bila rangi, unaiongezea dakika, nayo inakauka.

Anayeoka kwa mkaa, moto juu ya mfuniko na kidogo chini, asitumie kanuni ya 0.55 kwa sufuria. Sufuria ni ndefu, na theluthi mbili yake ni kina ambacho mkaa hautakifikia bila kuunguza juu. Anza na kimo unachotaka. Mchanganyiko wa sentimita 4 unatosha. Sufuria yenye kipenyo cha 24: 24 mara 24, mara 0.785, mara 4, unapata mililita 1,800 na ushee. Zidisha kwa 0.85, uzito wa mchanganyiko wenyewe, ni kama gramu 1,540. Mayai 7, yakizidi 8. Kati ya keki iliyokwisha kupanda na mfuniko pabaki vidole vinne angalau, kwa sababu bati lenye makaa juu yake linachoma hata bila kugusa.

Mchanganyiko ukibaki, vikombe vya karatasi ndio mahali pake. Kikombe cha kawaida kinapokea gramu 50 hadi 60, yaani fungu moja la yai ni vikombe vitatu au vinne. Vioke hivyo kwanza kama unaonja resipe mpya, vinamaliza ndani ya dakika 20.

Limebaki suala la kilo. Tunauziana keki kwa kilo, na mteja anayesema kilo 1 anaweza kuwa anamaanisha unga, anaweza kuwa anamaanisha keki ikiwa imepambwa, na tofauti yake ni kubwa kuliko faida yako. Kilo 1 ya unga kwa vipimo sawa ni mayai 20, na inatoa kilo 4 za mchanganyiko. Ikiiva inapoteza kama sehemu moja ya kumi kwa mvuke, inabaki kilo 3.6, na krimu bado. Upande wa pili, keki iliyopambwa yenye uzito wa kilo 1 ikiwa na krimu ya gramu 300 ni keki ya gramu 700, iliyotokana na mchanganyiko wa gramu 780 hivi, yaani mayai 4 na unga gramu 200. Mayai 20 kwa bei ya mayai 4 ni hasara ya wiki nzima. Mteja akitaja kilo, muulize watu watakaokula ni wangapi, mwonyeshe chombo, na kwenye risiti andika kipenyo, kina na idadi ya tabaka.